Gesi au nyota: tufuate kipi katika kitovu cha galaksi yenye upau?

Mtu anayekusudia kuchunguza kitovu cha galaksi yenye upau hukutana mapema na uamuzi ambao utaielekeza kazi yake yote: je, apime mwendo wa gesi au mwendo wa nyota? Data za aina zote mbili zinapatikana siku hizi katika hifadhi zilizo wazi za vituo vikubwa vya uangalizi, lakini muda wa kuzichakata, programu zinazohitajika na nadharia inayozitegemeza ni tofauti kabisa, na aliyechagua vibaya huweza kugundua baada ya miezi mingi kwamba ramani yake nzuri haijibu swali alilokuwa nalo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa. Anayetaka kujua jinsi uzito ulivyopangika na jinsi upau unavyozunguka aanze na nyota. Anayetaka kujua kinachotiririka kuelekea kitovuni leo aende kwenye gesi. Na asiye na uwezo wa kushika ila kimoja tu, ashike nyota, kwa sababu ramani ya gesi isiyosindikizwa na ujuzi wa uga wa mvutano husomeka kwa namna nyingi mno.

Upau ni mkusanyiko mrefu wa nyota unaokatisha katikati ya sahani ya galaksi na kuzunguka kwa pamoja, ukidumisha umbo lake. Si jambo la nadra. Ukizitazama galaksi za sahani zilizo karibu nasi kwa mwanga wa infraredi, takribani theluthi mbili zina upau, ama wenye nguvu ama dhaifu, na Njia Nyeupe tunamoishi ni mojawapo. Umbo hilo refu huvunja ulinganifu wa mvutano: nguvu inayoivuta nyota au wingu la gesi haielekei kitovuni moja kwa moja, bali ina sehemu inayovuta kando, na kwa hiyo kila kinachozunguka humo huongezewa au hupunguziwa momenta ya mzunguko (kiasi cha mwendo wake wa kuzunguka) kila mara. Hapo ndipo gesi na nyota zinapoachana.

Njia moja, wasafiri wawili

Nyota katika upau hufuata makundi machache ya njia za mzunguko. Kundi kuu, ambalo wanadharia huliita x1, lina njia ndefu zilizolala sambamba na upau na ndizo zinazoupa upau mwili wake. Karibu zaidi na kitovu, ndani ya eneo linalotawaliwa na resonansi ya ndani ya Lindblad (mahali ambapo mwendo wa nyota hulingana na mzunguko wa upau kwa uwiano maalumu), huweza kuwapo kundi la pili, x2, ambalo njia zake zimelala kuukata upau kwa pembe mraba. Contopoulos na Papayannopoulos waliyaeleza makundi haya kwa utaratibu mwaka 1980, na hadi leo mazungumzo yote kuhusu vitovu vya galaksi za aina hii hurejea kwenye majina hayo mawili. Kwa nyota hakuna tatizo lolote njia ya x1 inapoikata njia ya x2, wala njia moja ya x1 inapojikunja na kujikata yenyewe karibu na ncha zake, kwa sababu nafasi kati ya nyota na nyota ni kubwa kiasi kwamba hupishana bila kugusana.

Gesi haina uhuru huo. Mawingu mawili ya gesi yanayofuata njia zinazokatana hugongana, kama misafara miwili ya magari iliyokutana kwenye barabara ya njia moja, na nishati ya mwendo hugeuka kuwa joto ambalo hupotea kwa mnururisho. Matokeo yake ni wimbi la mshtuko lililonyooka upande wa mbele wa upau, yaani upande unaotangulia katika mzunguko, na vumbi lililobanwa humo ndilo tunaloliona pichani kama mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka ncha za upau hadi karibu na kitovu. Hesabu za kompyuta alizochapisha Athanassoula mwaka 1992 zilionyesha kwamba mistari hiyo ya vumbi ni mishtuko ya aina hii, na kwamba umbo lake, iwe imenyooka au imepinda, hutegemea nguvu ya upau na mahali zilipo resonansi zake. Gesi inayopita kwenye mshtuko hupoteza momenta ya mzunguko, huteremka, kisha hutua kwenye njia za x2 na kujikusanya katika pete ya nusukipenyo cha parseki mia chache hadi elfu moja hivi (parseki moja ni takribani miaka-nuru 3.26). Huko nyota mpya huzaliwa kwa wingi.

Tofauti nyingine zote kati ya njia mbili za upimaji zinatokana na hili. Nyota hutii mvutano peke yake. Gesi hutii mvutano, shinikizo, mshtuko, uga wa sumaku, milipuko ya nyota kubwa, na upepo wa shimo jeusi ikiwa lipo na linakula. Kwa hiyo gesi ina habari nyingi zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo ni ngumu zaidi kuielewa.

Kinachopimwa hasa

Katika njia zote mbili kinachosomwa ni kusogea kwa mistari ya spektra kutokana na athari ya Doppler, lakini mistari yenyewe haifanani. Mwanga wa nyota una mistari ya ufyonzaji: ile mitatu ya kalsiamu kwenye nanomita 849.8, 854.2 na 866.2, ile ya magnesiamu karibu na nanomita 517, na katika infraredi ile mikanda ya kaboni monoksaidi ya angahewa za nyota baridi inayoanzia mikromita 2.29. Tuchukue mstari wa kalsiamu wa 854.2. Nyota zinazokwenda mbali nasi kwa kilomita 100 kwa sekunde huusogeza kwa nanomita 0.28 tu, kiasi kinachozidi kidogo hatua mbili za upimaji za spektrografu ya MUSE, ambayo hugawa spektra kwa hatua za nanomita 0.125. Zaidi ya hapo, kila kipande cha picha kina mwanga wa mamilioni ya nyota zenye kasi mbalimbali, kwa hiyo mstari umetanuka na kingo zake zimefifia. Ili kuupima inabidi kulinganisha spektra nzima na mchanganyiko wa spektra za nyota zinazojulikana, kazi ambayo wengi huifanya kwa programu ya pPXF ya Cappellari na Emsellem iliyoelezwa mwaka 2004, na inabidi kuwa na mwanga wa kutosha. Vipande vya picha vyenye mwanga hafifu huunganishwa hadi uwiano wa ishara na kelele ufikie kama 40, na kila unapounganisha unapoteza ukali wa picha.

Gesi hutoa mistari inayong'aa juu ya usuli wenye giza. Molekuli ya kaboni monoksaidi hutoa mawimbi kwenye gigahezi 115.271 na 230.538, na ALMA, mtandao wa darubini za redio wenye antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, huyapokea kwa ukali wa picha unaozidi sekunde moja ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi) bila shida. Kusogea kwa kilomita 10 kwa sekunde kwenye mstari wa gigahezi 230.538 ni sawa na megahezi 7.7, na vipokezi vya ALMA hutofautisha vipande vidogo zaidi ya hapo mara nyingi. Mtawanyiko wa kasi, yaani jinsi kasi zinavyotofautiana kuzunguka wastani wake, wa gesi ya molekuli ni kama kilomita 10 kwa sekunde katika sahani tulivu, ilhali wa nyota kitovuni huwa kilomita mia moja na zaidi. Kwa hiyo mstari wa gesi ni mwembamba, unasomeka kwa jicho, na badiliko la kasi la kilomita chache tu hugundulika.

Kwa usahihi wa namba basi, gesi inashinda, tena kwa mbali. Lakini namba sahihi ni jambo moja na maana yake ni jambo jingine.

NGC 1097 kwa karibu

Galaksi NGC 1097, iliyo katika kundinyota la Fornax kwa umbali wa takribani miaka-nuru milioni 45, inafaa sana kuonyesha tofauti hii, kwa sababu imechunguzwa kwa njia zote mbili. Sekunde moja ya tao katika galaksi hiyo ni kama parseki 70. Upau wake una mistari miwili ya vumbi iliyo dhahiri, nayo inaishia kwenye pete angavu ya nyota changa yenye nusukipenyo cha sekunde 10 hivi za tao, yaani kama parseki 700, na ndani ya pete kuna mizunguko myembamba ya vumbi inayoteremka hadi karibu na shimo jeusi.

Ramani ya gesi ya kitovu hiki inaonyesha kwanza mzunguko wa kawaida: upande mmoja unakuja, upande mwingine unakwenda. Ukiuondoa mzunguko huo kwa kutumia modeli ya sahani bapa, kinachobaki ni mabaki ya kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde yaliyojipanga kufuata mizunguko ya vumbi, na tafsiri inayokubalika ni kwamba gesi inateremka taratibu kwenye mizunguko hiyo. Hakuna ramani ya nyota inayoweza kuonyesha jambo hilo. Nyota haziteremki kwa namna hiyo, na hata kama sehemu ndogo yake ingeteremka, mtawanyiko mkubwa wa kasi zao ungeificha. Gesi ya molekuli nzito zaidi, iliyopimwa na ALMA, imetumika pia kukadiria uzito wa shimo jeusi lenyewe, na jibu lililochapishwa mwaka 2015 ni takribani mara milioni 140 ya uzito wa Jua.

Ramani ya nyota ya kitovu hicho hicho inasema jambo lingine. Emsellem na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2001, walipima nyota za vitovu vya galaksi kadhaa zenye upau na kiini hai (kitovu ambamo shimo jeusi linakula), NGC 1097 ikiwa mojawapo, na wakakuta mtawanyiko wa kasi unashuka kadiri unavyokaribia katikati, badala ya kupanda kama ilivyotarajiwa. Maelezo yake ni kwamba pale katikati kuna sahani ndogo ya nyota zilizozaliwa kutokana na gesi baridi, na nyota hizo bado zina utulivu wa gesi iliyozizaa. Miaka karibu ishirini baadaye mradi wa TIMER, uliotumia MUSE kwenye Very Large Telescope huko Paranal, ulionyesha sahani za namna hiyo katika galaksi 19 kati ya 21 zenye upau ulizozichunguza: nyota zinazozunguka kwa kasi, zenye mtawanyiko mdogo, na zilizo tofauti waziwazi na upau unaozizunguka.

Tofauti hiyo huonekana hasa katika namba iitwayo h3, ambayo hupima jinsi mstari wa spektra ulivyoegemea upande mmoja. Katika sahani ya kawaida h3 ina alama iliyo kinyume na ya kasi. Penye upau unaotazamwa ubavuni au kwa mwinamo mkubwa, alama zote mbili hufanana. Ukifika kwenye sahani ya kitovu, hugeuka tena zikawa kinyume. Mtu anayetembea kwenye ramani kutoka nje kuingia ndani huona mabadiliko hayo mawili moja baada ya jingine, na kwangu hiki ni miongoni mwa vielelezo vya kupendeza zaidi katika fani hii, kwa sababu umbo lisiloweza kutenganishwa kwa picha hutenganishwa kwa mwendo.

Gesi inapopotosha

Mwaka 1957 van Woerden, Rougoor na Oort walitangaza kwamba kuna mkono wa gesi ya haidrojeni katika Njia Nyeupe, upande wetu wa kitovu, unaotujia kwa kilomita 53 kwa sekunde. Jina lake likawa mkono wa kiloparseki 3 unaopanuka, na kwa miaka mingi wengi walidhani ni mabaki ya mlipuko mkubwa kitovuni. De Vaucouleurs alipendekeza mwaka 1964 kwamba mwendo huo unaelezeka kwa upau, lakini hoja hiyo ilisubiri hadi mwaka 1991, pale Binney na wenzake walipozilinganisha ramani za gesi na njia za x1 na x2, na mwaka huo huo Blitz na Spergel wakauonyesha upau katika mwanga wa infraredi. Leo tunajua pia kwamba mkono huo una mwenzake upande wa pili wa kitovu, uliotangazwa na Dame na Thaddeus mwaka 2008. Vipimo vya 1957 vilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni umbo la uga wa mvutano, na umbo hilo hubebwa na nyota.

Hatari hiyo ingalipo katika galaksi za mbali. Mabaki ya kasi yanayotujia yanaweza kuwa gesi inayotoka kitovuni upande wa karibu wa sahani, au gesi inayoteremka kitovuni upande wa mbali, au gesi isiyofanya lolote kati ya hayo bali inafuata njia ndefu ya yai iliyolala upande fulani. Jibu linategemea kujua ni upande upi wa galaksi ulio karibu nasi, jambo linaloamuliwa kwa kutazama vumbi lililo mbele ya mwanga au kwa kudhani kwamba mikono ya galaksi inaburuzwa nyuma ya mzunguko. Katika NGC 1365 hali inakuwa ngumu zaidi, kwa kuwa gesi yenye ioni (ambayo atomi zake zimepoteza elektroni) inatoka kitovuni kwa umbo la pia mbili huku gesi nyingine ikiingia kwa kufuata upau, na mstari mmoja wa oksijeni au naitrojeni huweza kubeba miendo yote miwili kwa pamoja. Anayepima hapo hana budi kuugawa mstari katika vipengele viwili au vitatu, na ugawaji huo ni uamuzi wa mchunguzi kiasi fulani.

Kisa cha shimo jeusi la Njia Nyeupe kinaonyesha jinsi jamii ya wanaastronomia inavyoipima imani yake. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kundi la Townes lilipima gesi ya neoni yenye ioni kwa mstari wa mikromita 12.8 na kukuta kasi zinazoashiria uzito wa Jua mara milioni chache uliokusanyika kitovuni. Wengi hawakuridhika, kwa hoja kwamba gesi husukumwa na mambo mengi. Zilipofuatwa nyota moja moja, hasa ile iitwayo S2 ambayo hukamilisha mzunguko wake kwa miaka 16 hivi, mashaka yakaisha. Uzito unaokubalika sasa ni takribani mara milioni 4.3 ya uzito wa Jua, na Genzel na Ghez, walioongoza ufuatiliaji huo wa nyota, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Gesi haikudanganya katika kisa hiki, makadirio ya kwanza yalikuwa karibu na ukweli. Ila nyota ndizo zilizoaminiwa.

Kasi ya upau

Swali ambalo huulizwa mara nyingi kuliko yote ni upau unazunguka kwa kasi gani, kwa sababu jibu lake huamua resonansi ziko wapi na hivyo pete na mistari ya vumbi itakaa wapi. Tremaine na Weinberg walitoa mwaka 1984 njia isiyohitaji modeli yoyote ya mvutano: huchukuliwa mipasuo sambamba na mhimili mrefu wa galaksi angani, huhesabiwa wastani wa kasi na wastani wa mahali kwa kuzingatia wingi wa mwanga, na mteremko wa mstari unaopatikana hutoa kasi ya upau ikizidishwa na sine (ya trigonometria) ya pembe ya mwinamo wa galaksi. Sharti lake ni moja na ni kali, kwamba kinachopimwa kisizaliwe wala kisipotee ndani ya mzunguko. Nyota kongwe za galaksi isiyo na vumbi hutimiza sharti hilo. Merrifield na Kuijken waliitumia kwa NGC 936, galaksi yenye gesi kidogo sana, na mwaka 1995 wakachapisha jibu la takribani kilomita 60 kwa sekunde kwa kila kiloparseki.

Gesi hailitimizi sharti hilo vizuri. Gesi ya molekuli hugeuka kuwa atomi na kuwa ioni, hugeuka kuwa nyota, na imekusanyika katika mawingu yaliyotawanyika hivi kwamba mteremko mzuri unaweza kupatikana hata pasipo na upau wowote. Ninawashauri wote wanaotaka kutumia njia hii wasiitumie kwa gesi pekee. Hata kwa nyota kuna masharti ya kuangalia: mwelekeo wa mhimili wa galaksi lazima ujulikane vizuri sana, kwani kosa la nyuzi chache huharibu jibu, na upau usiwe umelala sambamba na mhimili huo wala kuukata kwa pembe mraba.

Hata hivyo gesi ina njia yake ya kujibu swali hilo hilo, na wakati mwingine hujibu zaidi ya lililoulizwa. Weiner, Sellwood na Williams, mwaka 2001, waliichukua NGC 4123, wakaendesha hesabu za mtiririko wa gesi kwa kasi mbalimbali za upau na kwa uzito mbalimbali wa nyota, kisha wakatafuta ni hesabu ipi inayotoa mishtuko yenye nguvu ile ile iliyopimwa. Ni sahani nzito na upau wa kasi tu ndivyo vilivyofaa. Kwa kuwa nguvu ya mshtuko hutegemea uzito wa upau wenyewe na si mada ya giza iliyouzunguka kwa umbo la mviringo, walifaulu kuvitenganisha vitu viwili ambavyo mzunguko wa kawaida huvichanganya. Kazi ya namna hiyo ni ndefu na inahitaji kompyuta yenye nguvu, lakini haina mbadala wa nyota ulio rahisi zaidi: modeli za Schwarzschild zinazojenga galaksi kwa maelfu ya njia za nyota zimeanza kujumuisha upau kwa usahihi miaka ya karibuni tu, na zile za Jeans zinazodhani ulinganifu wa mviringo hukosea uzito penye upau.

Historia na leo

Mzunguko mmoja katika nusukipenyo cha parseki 500, kwa kasi ya kilomita 200 kwa sekunde, huchukua miaka milioni 15 hivi. Gesi hubadilika kwa kipimo hicho cha wakati. Kinachoonekana leo katika ramani ya ALMA kinaweza kuwa tofauti baada ya mizunguko michache, na ndiyo sababu makadirio ya mtiririko, kama yale ya Sormani na Barnes ya mwaka 2019 yanayosema takribani uzito wa Jua mara 2.7 huingia kila mwaka kupitia mistari ya vumbi ya Njia Nyeupe, ni habari za kipindi kifupi, na hesabu za baadaye zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya gesi hiyo hupitiliza bila kutua mara ya kwanza.

Nyota hutunza historia. Sahani ya kitovu huanza kujengwa pale upau unapoanza kuteremsha gesi, kwa hiyo umri wa nyota zake kongwe ni umri wa upau. Kwa njia hiyo upau wa NGC 1433 umekadiriwa kuwa na miaka bilioni 7.5, na ule wa NGC 4371 kama bilioni 10. Jambo hili lisingewezekana kwa mwendo peke yake wala kwa umri peke yake, maana ni mwendo unaotuambia ni nyota zipi ni za sahani ya kitovu na zipi ni za upau uliozifunika.

Kuchagua kwa hali halisi

Aina ya galaksi mara nyingi huamua kabla ya mchunguzi. Galaksi ya umbo la dengu yenye upau haina gesi ya kutosha, kwa hiyo swali limekwisha. Kitovu kilichozama katika vumbi, kama cha Njia Nyeupe ambako mwanga unaoonekana hufifia kwa takribani madaraja 30 ya kipimo cha mwangaza cha wanaastronomia, hulazimisha mawimbi ya redio kwa gesi au infraredi kwa nyota. Haidrojeni ya atomi na mstari wake wa sentimita 21 nisingeishauri kwa kitovu chochote cha galaksi hizi: mara nyingi gesi ya hapo imekwisha kuwa molekuli, na ramani hubaki na tundu mahali panapotakiwa.

Kwa galaksi yenye gesi na nyota kwa wingi, iliyo karibu, yenye mwinamo wa wastani, data za MUSE ndizo ningezitafuta kwanza. Uwanja wake wa dakika moja ya tao hutoa spektra 90,000 kwa mara moja kati ya nanomita 480 na 930, na humo mna mistari ya magnesiamu na kalsiamu ya nyota pamoja na mistari ya haidrojeni, naitrojeni na oksijeni ya gesi yenye ioni, vyote kwa ukali ule ule wa picha na bila kuhitaji kulinganisha mahali. Udhaifu wake ni kwamba hauwezi kupima vizuri mtawanyiko ulio chini sana ya kilomita 40 kwa sekunde, na sahani za kitovu zilizo tulivu zaidi hukaribia mpaka huo. Gesi yenye ioni nayo si badala ya gesi ya molekuli: hung'aa zaidi penye nyota changa na penye upepo, kwa hiyo mistari ya vumbi ambamo kuzaliwa kwa nyota kumezuiwa na mkwaruzano wa kasi (tabaka jirani za gesi kupishana kwa kasi tofauti), kama ilivyo katika NGC 1530, huonekana hafifu mahali ambapo mtiririko una nguvu zaidi. Hapo ALMA haina mpinzani, na uchunguzi wa PHANGS umekwisha kupima galaksi 90 kwa mstari wa gigahezi 230.538 kwa ukali wa parseki mia hivi.

Anayefuata upau wa pili, mdogo, uliojificha ndani ya ule mkubwa, atazame nyota. De Lorenzo-Cáceres na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba kwenye ncha za upau mdogo mtawanyiko wa kasi hushuka mahali pawili palipolingana, alama ambayo gesi haiigi, kwa kuwa gesi mara nyingi haioni tofauti kati ya upau mdogo na umbo la yai tu. Anayefuata chakula cha shimo jeusi ndani ya parseki mia za mwisho atazame gesi ya molekuli, lakini kwanza achore mwelekeo wa sahani kwa ramani ya nyota ya eneo hilo hilo, ahesabu kasi ya mzunguko inayotokana na uzito wao, kisha ndipo aondoe mzunguko huo kwenye gesi. Akiutoa mwelekeo kwenye ramani ya gesi yenyewe, ule mwendo usio wa duara anaoutafuta utakuwa umeshaingia ndani ya modeli ya mzunguko, na mabaki atakayoyapata yatakuwa madogo kuliko yalivyo kweli na huenda yakaelekea upande usio wake.